Nesi, hichi chuma kinaniwasha: maswali yenu kuhusu aleji ya vitu vilivyowekwa mwilini

Toleo lililopita niligusia kwa mistari mitatu tu habari ya hereni zinazochubua masikio, jamani, barua zilizokuja! Na nyingi hata sio za hereni, ni za watu wenye pleti za chuma miguuni, magoti ya bandia, vijiti vya uzazi wa mpango, na kila mtu anauliza kitu kilekile: hiki kitu nilichowekewa kinaweza kunikataa? Mi nimekaa miaka mingi thieta ya mifupa nikimkabidhi daktari skrubu mkononi, sa hivi niko kliniki ya ngozi, kwa hiyo hili jambo nimeliona likiingia na nimeliona likirudi. Nimechagua barua sita, nyingine mtanisamehe nafasi haitoshi.

"Shikamoo nesi. Mi ni kijana wa boda hapa Dodoma, nilipata ajali mguu ukavunjika chini ya goti, nikawekewa pleti na skrubu. Sasa ni mwezi wa saba tangu niwekewe. Kuna upele umetokea juu ya mshono, unawasha mpaka usiku silali, nikikuna unatoa majimaji. Mwenzangu kijiweni anasema hiyo ni aleji ya chuma nikakitoe. Na kweli saa ya mkononi mi siwezi kuvaa, inanitoa vipele. Nikitoe au?"

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Nianze na hilo la kukitoa maana ndio lenye hatari: usikitoe kabla hujapigwa picha ya eksirei na daktari wa mifupa akakuambia mfupa umeunga. Hiyo pleti ndio inashikilia mguu wako sa hivi. Kawaida ya mguu hatuitoi mpaka upite mwaka au mwaka na nusu, na tena tunaitoa kama inamsumbua mtu, kama haimsumbui anakaa nayo maisha.

Sasa huyo mwenzako wa kijiweni hajakosea kabisa, aleji ya chuma ipo kweli. Pleti nyingi wanazowekewa watu wa ajali ni chuma cha pua kile kisichoshika kutu, kina namba yake, 316L, na ndani yake kuna madini ya nikeli kama asilimia 10 mpaka 15. Na nikeli ndiyo hiyohiyo inayokutoa vipele kwenye saa. Inavyokuwa ni kwamba jasho linamumunyua nikeli kidogo kidogo kutoka kwenye chuma, inaingia kwenye ngozi, kinga ya mwili inaisoma kama adui na inaikariri, basi ikishaikariri haisahau, kila ukiigusa tena baada ya siku moja au mbili panaanza kuwasha na kuvimba. Angalia hapo, siku moja au mbili. Sio kama aleji ya karanga au ya kung'atwa na nyuki ambayo dakika tu mtu kavimba midomo. Hii inakuja polepole na inakaa.

Lakini watu wengi sana wenye aleji ya nikeli wanakaa na pleti za 316L miaka na miaka hawapati hata kipele kimoja. Hicho chuma kina kromiamu ambayo inajitengenezea ngozi nyembamba sana juu yake, macho hayaioni, ngozi hiyo ndiyo inazuia nikeli isitoke ovyo. Hereni ya bei ya chini haina ulinzi huo, imepakwa rangi tu juu, rangi ikichubuka nikeli inamwagika. Kwa hiyo kusema "siwezi kuvaa saa, basi pleti inanikataa" ni kuruka hatua nyingi mno.

Na hatua ya kwanza, mdogo wangu, hii naomba uisome mara mbili, ni kuhakikisha sio maambukizi. Nina kijana mmoja siwezi kumsahau, fundi seremala, alikaa miezi mitano anaambiwa ni aleji, anapewa piritoni na krimu, anarudi nyumbani. Alipofika kwetu nilimfungua bandeji nikaona katikati ya mshono kuna tundu dogo kama la kichwa cha kiberiti, pembeni ngozi nyekundu imekunjamana kuingia ndani, nikabonyeza kidogo tu kwa gauzi ikatoka tone la usaha. Tundu linalotoa kitu kila siku sio aleji, hilo tundu linaenda moja kwa moja mpaka kwenye chuma. Krimu ile alokuwa anapaka ilikuwa inaficha wekundu tu huku mfupa unaliwa chini. Alikuja kutolewa pleti na kipande cha mfupa pamoja. Miezi mitano ile inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kaa kwenye mwanga, angalia huo upele wako vizuri. Umetapakaa juu juu, vijipele vingi vidogo vinavyolowana na kukauka magamba? Au kuna sehemu moja tu inayotoa majimaji? Mguu una joto kuliko mwenzake? Umewahi kupata homa? Maumivu yanazidi badala ya kupungua, hasa ukiwa umetulia usiku? Ukijibu ndio kwa lolote kuanzia hilo la sehemu moja inayotoa majimaji, kesho asubuhi uwe pale ulipofanyiwa upasuaji, wakupime damu (CRP na ESR, wao wanavijua) na wachukue majimaji wakayaoteshe maabara wajue ni mdudu gani. Na usianze antibiotiki ya kujinunulia kabla hawajachukua hayo majimaji maana utaua ushahidi na ugonjwa utabaki.

Kitu cha pili angalia umbo la upele. Mi wanafunzi wangu huwa nawaambia upele wenye kona ni wa plasta. Yani kama wekundu umekaa mraba kabisa, una mistari iliyonyooka kama umepigwa rula, huyo ni gundi ya plasta, chuma hakihusiki. Na unapaka nini hapo? Maana tyubu za antibiotiki za kupaka, hasa zenye neomaisini, zenyewe zinasababisha aleji sana, mtu anapaka kutibu upele na upele unatokana na hiyohiyo dawa. Acha kila kitu unachopaka wiki mbili, osha kwa maji safi na sabuni isiyo na harufu, vazelini tupu basi.

Ikionekana hakuna maambukizi, sio plasta, sio dawa ya kupaka, hapo sasa nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa uulize kipimo cha kubandika mgongoni. Wanakubandikia vidoti vya vitu mbalimbali, nikeli ikiwemo, kwenye mgongo, unakaa navyo saa 48, hujamwagia maji mgongo na hujabeba mzigo ukatoka jasho, wanabandua wanasoma, halafu unarudi tena siku ya nne hivi kusomwa mara ya pili, na madini wakati mwingine yanaonekana mpaka siku ya saba kwa hiyo usichoke kurudi. Boda itabidi uipumzishe hiyo wiki, najua ni hela lakini ndo hivyo. Kama unakunywa predinisoloni waambie, inaharibu majibu.

Na hata kipimo kikisema una aleji ya nikeli, bado hakijasema pleti ndiyo mkosaji, kimesema tu inawezekana. Daktari atakutuliza kwa krimu nzuri mpaka mfupa uunge, ukishaunga pleti inatoka, na kama kweli ilikuwa yenyewe upele unaanza kukauka kwa wiki chache mpaka miezi. Ikitokea inabidi uwekewe nyingine mapema, unaomba ya titaniamu, ndio chuma ambacho mwili unakipokea kuliko vyote tunavyotumia.

"Mwanangu nesi, mimi ni mama wa miaka 63 niko Tanga. Goti langu la kulia limekwisha, daktari amesema nibadilishwe niwekewe la bandia. Tangu usichana masikio yangu hayataki hereni isipokuwa dhahabu, nikivaa nyingine yanatoa maji. Naogopa goti nalo lisije likatoa maji. Niseme au nitaonekana msumbufu?"

Shikamoo mama yangu. Sema! Tena liseme la kwanza kabla hata hujakaa vizuri kwenye kiti. Hakuna msumbufu hapo, daktari wako anahitaji sana hiyo habari na mara nyingi sisi ndio tunasahau kuuliza. Tunauliza "una aleji ya dawa?", mgonjwa anasema sina, tunaandika hana aleji, kumbe anayo ya madini na hakuna aliyemuuliza. Hayo masikio yako ni shahidi mzuri sana. Na kama bado unazo zile hereni zilizokukataa zifunge kwenye karatasi uende nazo.

Goti la bandia, mama, lina sehemu kama nne. Kofia ya juu inayovaa mfupa wa paja, hiyo kwa kawaida ni kobalti na kromiamu, nikeli yake ni kidogo mno, chini ya asilimia 1. Sahani ya chini mara nyingi titaniamu. Katikati plastiki ngumu ndio inayosuguana. Na kushikiza vyote kuna simenti ya mfupa, sio simenti ya ujenzi usiogope, ni aina ya plastiki inayochanganywa palepale thieta, unga na maji yake, inanuka kali kama saluni ya kucha, inapata moto kidogo halafu inakauka kama jiwe. Kwa hiyo ukiona nikeli iko kidogo hivyo unaelewa kwa nini wengi wenye masikio kama yako wanabadilishwa magoti na wanatembea vizuri tu. Ila watu wenye aleji ya nikeli wakati mwingine wanakuwa nayo na ya kobalti, ndio maana nataka uiseme.

Unachomuuliza daktari ni hivi, kwa upole kabisa: goti mtakaloniwekea limetengenezwa kwa madini gani, na kama kuna wasiwasi mna aina nyingine? Zipo zilizopakwa juu titaniamu naitraidi zinakuwa na rangi kama ya dhahabu, zipo za zikoniamu. Bei zake zinapanda na hazipatikani kila mahali, sitakudanganya. Kipimo cha kubandika mgongoni hakifanywi kwa kila mtu anayebadilishwa goti, lakini mtu mwenye historia ndefu kama yako anastahili daktari aulizie, na kipimwe kabla, maana ukishafunguliwa imetoka hiyo.

Na baada ya upasuaji, mama, goti likiuma au kuvimba usikimbilie kulaumu aleji. Kwanza ni maambukizi, pili kulegea, tatu kukaa upande, aleji iko mwisho kabisa wa foleni, na mtu anaipokea hiyo sababu pale tu zile nyingine zote zimeshakaguliwa na kuondolewa. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakishikilia neno aleji kwa vile linatia moyo kuliko neno usaha.

Halafu kuna stika. Vifaa vingi vinavyowekwa mwilini vinakuja kwenye boksi lenye stika ndogo zenye jina la aliyekitengeneza na namba ya toleo, manesi wa thieta tunazibandua tunazibandika kwenye faili. Omba moja ibandikwe kwenye daftari lako wewe. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy ilirudisha nyonga zake za ASR, za chuma kusuguana na chuma, karibu watu 93,000 duniani walikuwa wamewekewa, vumbi la kobalti na kromiamu lilikuwa linatoka linaharibu nyama za pembeni. Sio aleji ile ya hereni moja kwa moja lakini ni ndugu zake. Sasa fikiria mtu amesikia hiyo habari na hajui nyonga yake ni ya nani, ataanzia wapi? Mwenye stika alijua siku hiyohiyo.

"Mambo nesi, mi natengeneza kucha za jeli na akiriliki Mombasa, mwaka wa tatu sasa. Vidole vyangu vimepasuka nchani vinawasha, ngozi inabanduka. Juzi dentisti ametaka kuniziba jino na ile dawa nyeupe ya kukaushwa na taa, rafiki yangu mmoja akaniambia ngoja kwanza. Kucha na jino vinahusianaje jamani?"

Poa mdogo wangu, na huyo rafiki yako mpe soda. Vinahusiana sana! Jeli ya kucha, unga na maji ya akiriliki, dawa nyeupe ya kuziba jino, na ile simenti ya mfupa niliyomwambia mama wa Tanga, vyote ni ukoo mmoja, unaitwa akrileti. Kikiwa bado hakijakauka ndio kina hatari, kinapenya ngozi, hata glovu za kawaida za lateksi au za bluu kinapita kwa dakika chache tu. Kwa hiyo fundi kucha anashika siku nzima, mwaka wa kwanza hamna kitu, wa pili hamna kitu, siku moja mwili umekariri, na ukishakariri ni wa maisha. Madaktari wa ngozi wa Uingereza walitoa tahadhari mwaka 2018 kuhusu kucha za jeli na za akiriliki, na moja ya sababu ni hiihii, kwamba binti wa miaka ishirini na kitu anajifungia njia ya matibabu atakayohitaji baadaye, jino leo, goti akiwa mzee.

Mwambie dentisti wako kabla hajafungua kopo: "mi ni fundi kucha na vidole vyangu viko hivi", mwonyeshe mikono. Kuna dawa nyingine za kuziba zisizo za ukoo huo, na hata hiyo nyeupe ikikaushwa vizuri kwa taa inakuwa salama zaidi, yeye ataamua na wewe mkijua wote. Muhimu asiishike wewe ukiwa umenyamaza.

Na mikono sasa. Nikikuambia uache kazi ntaelewa kwa nini unakasirika, najua kucha ndio zinalipa kodi ya nyumba. Lakini mdogo wangu ukiendelea kugusa hiyo jeli mbichi kwa ngozi hakuna krimu itakayokuponya. Angalau usiiguse kabisa, sio ncha ya kidole kufuta pembeni ya kucha ya mteja, tumia kijiti. Taa yako iwe inayoendana na jeli unayotumia maana isiyokauka vizuri ndio mbaya zaidi, glovu za naitraili badilisha kila baada ya muda mfupi, na ufike kliniki ya ngozi wakupime. Na ukiona mteja anakuja pembeni ya kucha pamevimba anawasha, usimpake, mrudishe.

"Nesi, niliweka kijiti mkononi wiki iliyopita hapa Mwanza, panawasha. Kimenikataa?"

Hapana dada, tulia. Kijiti hakina chuma, kile cha vijiti viwili vya miaka mitano kina silikoni na cha kimoja cha miaka mitatu ni plastiki laini, vyote na homoni ndani. Aleji yake ipo lakini ni nadra sana. Wiki ya kwanza kinachowasha ni kidonda kinapona, au gundi ya plasta, au aidini waliyokusafishia. Angalia kona! Kama panawasha tu, toa plasta kidonda kikishafunga, usikune. Kama pamevimba pana joto panatoa usaha, au kijiti kinachungulia nje, rudi ulikowekewa leoleo. Usikivute mwenyewe tafadhali, na usimruhusu mtu wa duka la dawa akivute. Na upele mwili mzima, midomo kuvimba au kupumua kwa shida, hiyo sio ya kusubiri kliniki, ni dharura, hospitali iliyo karibu kuliko zote.

"Assalaam aleikum dada. Binti yangu ana miaka 6, ana tundu kwenye moyo, madaktari wamesema wataliziba bila kumpasua kifua, watapitisha kifaa kama mwavuli kwenye mshipa wa paja. Nimeambiwa kifaa kina nikeli. Mimi mwenyewe bangili za kawaida zinanitoa upele. Je, amerithi? Tumkubalie? Ni mama yake, Lamu."

Waaleikum salaam mama. Hofu yako naielewa kabisa na nitakujibu yote ninayoyajua.

Aleji ya nikeli hairithiwi kama rangi ya macho, mtu anaipata kwa kugusana nayo, hasa kwa tundu la sikio. Na huko kwetu Pwani mtoto wa kike anatobolewa akiwa hata hajatambaa. Kwa hiyo swali sio wewe, swali ni yeye: ana hereni gani? Masikio yake yamewahi kuvimba, kutoa maji, kuganda ukoko? Kama anavaa dhahabu au fedha nzuri tangu mwanzo na hajawahi kusumbuka, hiyo ni dalili njema. Watu wa Denmark waliliona hili mapema, mwaka 1990 wakaweka sheria ya kubana nikeli inayotoka kwenye mapambo, Umoja wa Ulaya ukafuata 1994, na mabinti waliotobolewa masikio baada ya hapo wakaonekana na aleji hiyo kidogo kuliko waliowatangulia. Hereni tu hizo zilizobadilishwa!

Kifaa chenyewe ni waya wa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titaniamu, nikeli ikiwa zaidi ya nusu kwa uzito, kama asilimia 55. Inatisha kusikia, najua. Ila inatumika kwa sababu unaweza kuikunja ikapita kwenye mrija mwembamba, ikifika moyoni inajifungua yenyewe inarudi umbo lake. Juu inakuwa na ngozi ya titaniamu, na ndani ya miezi michache mwili wenyewe unaifunika kwa nyama nyembamba. Waliopima damu za wagonjwa wameona nikeli inapanda kidogo, kilele kama mwezi wa kwanza, halafu inashuka taratibu. Watoto wengi sana wamezibwa hivyo na wanacheza.

Mwambie daktari wa moyo habari ya bangili zako na masikio ya mtoto, hayo mawili yote, aandike. Kama mtoto ana aleji ya kweli watapima na kupima tena uzito wa mambo, na njia ya kufungua kifua na kuziba kwa kipande cha ngozi ya moyo wake mwenyewe ipo, ila ni upasuaji mkubwa kwa mtoto mdogo kwa hiyo hauchaguliwi kwa sababu ya hofu peke yake. Baada ya kuwekewa, akilalamika kifua, moyo kwenda mbio, homa, kichwa kisichoisha au upele, msisubiri tarehe ya kliniki. Mungu amjaalie.

"Habari nesi, niko Minnesota Marekani. Mwaka 2013 niliwekewa springi kwenye mirija ya uzazi nisizae tena, inaitwa Essure. Tangu hapo tumbo linauma, nachoka, vipele vinakuja vinaondoka. Nikisema ni hiyo naambiwa ni stresi."

Pole sana dada, na hauko peke yako hata kidogo. Hiyo springi ni nitinoli tena pamoja na chuma cha pua, katikati ina nyuzi za polista zilizowekwa makusudi ili mwili ukasirike uote kovu na kuziba mrija. Mamlaka yao ya dawa, FDA, iliiruhusu 2002, malalamiko ya wanawake yakawa maelfu kwa maelfu, maumivu, damu, springi kuhama au kutoboa, na aleji pia, mwaka 2016 wakaamuru iwekwe onyo kali lenye fremu nyeusi, na Bayer wakaacha kuiuza huko mwisho wa 2018. Kwa hiyo ulivyosema "ni hiyo" hukuwa unaota.

Siwezi kukuambia kutoka huku kwamba ndiyo yenyewe, maana maumivu ya tumbo ya mwanamke yana sababu nyingi. Ila unastahili kukaguliwa kama mtu mwenye kifaa mwilini. Omba picha ionyeshe springi ziko wapi na kama ni nzima au zimekatika. Omba kipimo cha nikeli. Na kama mtafikia kuzitoa, tafuta daktari aliyewahi kuzitoa nyingi, muulize kabisa "ngapi?", kwa sababu zinatolewa pamoja na mirija na zikikatika kipande kinabaki. Huyu wa stresi mwambie aandike kwenye faili kwamba umeomba kupimwa na yeye amekataa, aandike na sababu. Mara nyingi kalamu ikishikwa maneno yanabadilika. Na wewe mwenyewe una haki ya kuwaandikia FDA moja kwa moja, wanapokea taarifa za wagonjwa, huhitaji daktari akuruhusu.

Na hii ya mwisho sio swali, ni majibu kutoka kwa yule kaka wa Songea tuliyemjibu mwaka jana, mwenye pleti ya mkono na upele mpaka shingoni. Anasema mfupa ulipounga walimtoa pleti, wiki ya tatu usingizi ukarudi, wiki ya nane ngozi ikawa imebaki na weusi tu. Pleti wamempa, ameiweka kwenye kopo la maziwa pamoja na stika. Kaka, hongera, nimefurahi mno. Ila ile stika usiiache kwenye kopo peke yake, wino wake unafutika kwa joto, nakili namba kwa kalamu kwenye daftari lako la kliniki ukurasa wa kwanza, na pembeni uandike kwa herufi kubwa: ALEJI YA NIKELI.